Mchezo wa Tochi: Somo la Kubuni na Kuunda Mfumo wa Mchezo wa Mwanga Unaobadilika Sheria

Katika nyumba nyingi za Katesh, Dongobesh, Haydom na Basotu kuna kifaa kidogo ambacho watoto hukigombania kila jioni, nacho ni rimoti ya king'amuzi. Kitufe kikibonyezwa, mwanga usioonekana kwa jicho hutoka kwenye ncha yake, huvuka sebule na kubadilisha chaneli. Elimu iliyomo ndani ya rimoti hiyo ndiyo msingi wa mchezo unaopendwa katika miji mingi duniani, ambao wachezaji wake hulengana kwa mwanga na kuhesabu alama kwa kompyuta ndogo walizozivaa.

Somo hili linaeleza jinsi klabu ya sayansi ya shule ya sekondari, au kikundi cha vijana wa kata, kinavyoweza kubuni na kuunda mfumo wa namna hiyo kwa mikono yake. Mkazo umewekwa kwenye jambo moja: sheria za mchezo ziwe mikononi mwa wachezaji. Seti inayonunuliwa ikiwa imefungwa na kiwanda hucheza kama kiwanda kilivyotaka, na siku inapoharibika huishia kabatini. Mfumo uliojengwa na vijana wenyewe hutengenezeka, na hugeuzwa ufae watoto wa umri mbalimbali, watu wenye ulemavu, na hata mazoezi ya kujiokoa wakati wa maafa.

Asili ya mchezo

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, jeshi la Marekani lilianza kutumia mfumo wa mafunzo uitwao MILES, ambao askari walilengana kwa miale ya mwanga badala ya risasi. Mwaka 1984, Mmarekani George Carter alifungua mjini Dallas ukumbi wa mchezo ulioitwa Photon, na raia wa kawaida wakaanza kulipa kiingilio ili wacheze. Mwaka 1986 kampuni ya Worlds of Wonder iliuza vifaa vya nyumbani vilivyoitwa Lazer Tag, na mchezo ukasambaa.

Ingawa jina hilo linataja leza, vifaa vingi vya mchezo huu havitumii leza kulengea. Hutumia taa ndogo za LED zinazotoa mwanga wa infraredi, sawa na zile za rimoti. Tofauti hii ni muhimu kwa usalama. Leza hukusanya nguvu zake zote katika mstari mwembamba unaoweza kudhuru jicho, ilhali taa ya LED hutawanya mwanga wake na nguvu yake hudhibitika kwa urahisi. Kwa sababu hiyo, mfumo unaofundishwa hapa hautumii leza hata kidogo.

Kwa nini tochi

Historia ya mchezo huu ina tukio moja la huzuni ambalo kila mbunifu anapaswa kulijua. Mwaka 1987, huko Rancho Cucamonga katika jimbo la California, kijana wa miaka 19 alikuwa akicheza mchezo huu na wenzake usiku kwenye eneo la shule. Askari aliyeitwa kuchunguza alidhani kifaa kilichokuwa mkononi mwa kijana huyo ni bunduki ya kweli, akampiga risasi na kumuua.

Funzo lake liko wazi. Kifaa kinachofanana na silaha humhatarisha anayekishika, hasa gizani. Zaidi ya hapo, humzoesha mtoto kumwelekezea mwenzake umbo la bunduki. Kwa hiyo, uamuzi wa kwanza wa usanifu hutangulia uamuzi wowote wa umeme: kifaa cha kulengea kiwe na umbo la tochi. Kipande cha bomba la plastiki chenye urefu wa sentimita 20 hivi, kilichopakwa rangi ya njano au ya chungwa, kinatosha. Kila mfugaji wa Mbulu na Hanang anaijua tochi kuwa chombo cha kulinda zizi usiku, na hakuna askari wala mgambo atakayeishuku.

Mwanga usioonekana na mdundo wake

Taa ya infraredi inayofaa hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 940. Jicho la mwanadamu huishia takriban nanomita 700, hivyo halioni chochote. Kamera za simu nyingi huuona. Mwanafunzi akielekeza rimoti kwenye kamera ya simu na kubonyeza kitufe, ataona nukta ya zambarau ikimetameta. Jaribio hilo rahisi hutumika pia kujua kama taa ya tochi ni nzima.

Tatizo ni kwamba jua nalo hutoa infraredi kwa wingi. Kipokezi kitajuaje mwanga upi umetoka kwenye tochi na upi umetoka juani? Jibu ni mdundo. Taa ya tochi huwashwa na kuzimwa mara 38,000 kwa sekunde, yaani kwa kilohezi 38. Kipokezi cha kawaida cha rimoti kimeundwa kusikiliza mdundo huo tu na kupuuza mwanga mtulivu. Ni kama mtu aliyeko mnadani penye kelele ambaye bado husikia filimbi ya mwenzake, kwa kuwa sauti yake anaijua.

Mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Mlengaji wa upinde, kama wawindaji wa Kihadzabe wa Bonde la Yaeda, hupaswa kukadiria mnyama atakuwa wapi mshale utakapofika. Mwenye tochi hahitaji makadirio hayo: mita 30 hukatwa na mwanga katika sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde.

Ni vyema pia kufahamu kuwa kanuni za kimataifa za mawasiliano huhesabu mawimbi ya redio kuwa yale yaliyo chini ya gigahezi 3,000. Infraredi ya nanomita 940 iko juu sana ya kikomo hicho, na kwa hiyo haiingiliani na redio wala simu.

Lugha ya tochi

Kupeleka mwanga pekee hakutoshi. Kipokezi kinapaswa kujua nani ametuma, ni wa timu gani, na anataka nini. Hivyo kila mbonyezo wa kitufe hutuma ujumbe mfupi wa biti 10, na kila biti ni 0 au 1.

Biti 5 za kwanza ni namba ya mchezaji, na zinatosha wachezaji 32, kuanzia 0 hadi 31. Biti 2 zinazofuata ni timu, nazo hutoa timu 4. Biti 2 nyingine ni aina ya ujumbe: 00 ni mguso wa kawaida, 01 ni kituo, 10 ni kurudishiwa uhai, na 11 ni amri ya mwamuzi. Biti ya mwisho ni ya ukaguzi: huchaguliwa ili jumla ya biti za 1 katika ujumbe iwe shufwa.

Chukua mchezaji namba 13 wa timu namba 2. Kumi na tatu ni 8 na 4 na 1, hivyo huandikwa 01101. Timu ya pili huandikwa 10, na mguso wa kawaida ni 00. Hadi hapo kuna biti nne za 1, ambazo tayari ni shufwa, kwa hiyo biti ya ukaguzi ni 0. Ujumbe kamili ni 0110110000.

Ujumbe hutumwa kwa vipindi vya mwanga. Kwanza mdundo wa mikrosekunde 2,400 huamsha kipokezi. Kisha kila 1 ni mdundo wa mikrosekunde 1,200, na kila 0 ni mdundo wa mikrosekunde 600. Baada ya kila mdundo kuna ukimya wa mikrosekunde 600. Ujumbe wa mfano wetu hutumia jumla ya mikrosekunde 17,400, yaani chini ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde.

Biti moja ikigeuzwa na mwanga mwingine, hesabu ya ukaguzi haitakubali na ujumbe utatupwa. Biti mbili zikigeuka kwa pamoja, kosa litapita. Ndiyo maana programu hukagua pia urefu wa kila mdundo, na hukataa ujumbe wenye biti pungufu au zilizozidi kumi.

Vifaa na uunganishaji

Kila mchezaji huhitaji seti yenye sehemu mbili, tochi na mkanda, zilizounganishwa kwa waya. Seti moja ina vitu vifuatavyo: mikrokontrola ndogo ya aina ya Arduino Nano, taa moja ya infraredi ya nanomita 940, transista ya 2N2222, vipokezi vinne vya kilohezi 38 na diodi ndogo nne, rezista chache na kapasita moja, taa ya LED nyekundu na ya kijani, buza, kitufe, swichi, na betri nne za AA za kuchaji. Nyingi kati ya hizo hupatikana kwa wauza vifaa vya kielektroniki wa mijini, na baadhi fundi redio wa kata huwa nazo tayari. Vipokezi na taa za infraredi huweza pia kutolewa kwenye runinga na rimoti mbovu. Taa za namna hiyo zipimwe kwanza kwa kamera ya simu. Vipokezi vyake havilingani vyote, hivyo fundi athibitishe miguu yake na mdundo wake kabla ya kuvitumia.

Betri nne za kuchaji, kila moja ikiwa na volti 1.2, hutoa volti 4.8. Zisibadilishwe na betri kavu nne za kawaida: hizo hutoa volti 6 zikiwa mpya, ilhali kikomo cha mikrokontrola hiyo ni volti 5.5.

Pini ya mikrokontrola haiwezi kubeba mkondo wote wa taa ya infraredi, ndiyo maana transista huhitajika. Upande chanya wa taa huunganishwa kwenye chanya ya betri kupitia rezista, upande hasi kwenye kolekta ya transista, na emita kwenye hasi ya betri. Besi huunganishwa kwenye pini ya mikrokontrola kupitia rezista ya ohm 1,000.

Thamani ya rezista ya taa hutafutwa kwa Kanuni ya Ohm inayofundishwa sekondari. Betri hutoa volti 4.8. Taa hutumia takriban 1.3 na transista 0.2, hivyo zinabaki volti 3.3. Mkondo unaotakiwa ni ampea 0.1. Gawanya 3.3 kwa 0.1, jibu ni ohm 33, na rezista ya thamani hiyo huuzwa.

Vipokezi vinne huvaliwa kwenye mkanda: mbele, nyuma na pande zote mbili. Tokeo la kila kimoja huenda kwenye pini moja ya mikrokontrola kupitia diodi yake, mstari wa diodi ukielekea kwenye kipokezi. Umeme wa vipokezi upitishwe kwenye rezista ya ohm 100, na kapasita ya mikrofaradi 10 iwekwe kati ya chanya na hasi yake. Bila kichujio hicho, kuwaka kwa taa ya tochi huweza kuwachanganya vipokezi vya mkanda uleule.

Lenzi

Taa ya infraredi ikiachwa wazi, mwanga wake hutawanyika na kudhoofika baada ya mita chache. Lenzi mbonyeo, kama ile ya kukuzia maandishi, huukusanya. Lenzi hukaa mbele ya taa kwa umbali ulio sawa na urefu wa fokasi yake.

Urefu huo hupimwa bila kifaa maalumu. Mwanafunzi asimame ndani ya chumba, aelekeze lenzi kwenye mti ulio mbali nje ya dirisha, na asogeze karatasi nyeupe nyuma ya lenzi mpaka taswira ya mti ionekane bayana, kichwa chini. Umbali kati ya lenzi na karatasi ndio urefu wa fokasi. Lenzi isielekezwe kwenye jua, kwani huunguza karatasi na jicho.

Upana wa mwale hukadiriwa kwa uwiano. Taa yenye upana wa milimita 5, ikiwa nyuma ya lenzi ya fokasi ya milimita 100, hutoa mwale unaopanuka kwa mita 5 katika kila mita 100. Kwa mita 10 upana wake ni takriban nusu mita, na kwa mita 30 ni takriban mita moja na nusu. Kikundi kinachotaka mchezo mgumu zaidi kitachagua lenzi ya fokasi ndefu. Kinachowaandalia watoto wadogo kitachagua fokasi fupi, ili shabaha isiwe ngumu mno.

Programu: mahali sheria zinapokaa

Vifaa vyote vilivyotajwa havijui chochote kuhusu kushinda wala kushindwa. Hayo hukaa katika programu. Kazi ya msingi ya programu ni fupi: sikiliza ujumbe, kagua, kama namba ya mtumaji ni yako mwenyewe, upuuze, kwani mwanga huakisiwa na kuta nyeupe na mabati, kama ni mguso halali, punguza uhai, lia buza na washa taa nyekundu, uhai ukiisha, zima tochi.

Mbunifu mwangalifu haandiki idadi ya uhai katikati ya programu. Huweka thamani zote zinazoweza kubadilika mahali pamoja, katika orodha ya mipangilio: idadi ya uhai, sekunde za kupumzika baada ya kuguswa, muda kati ya mbonyezo na mbonyezo, kama mwenzako wa timu anaweza kukugusa, na dakika za mchezo. Orodha hiyo huhifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kudumu ya mikrokontrola, isipotee umeme unapozimwa.

Mwamuzi hupewa tochi yake. Ujumbe wake huwa na aina 11, na zile biti 5 za namba ya mchezaji hubeba amri badala ya namba, hivyo amri 32 zinawezekana: anza, simama, uhai mitano, uhai kumi, na kadhalika. Mwamuzi anapita mbele ya wachezaji, anawamulika mmoja mmoja, na mchezo mzima unabadilika bila kufungua kifaa hata kimoja.

Hapa ndipo haki inapoingia. Mtoto wa darasa la nne akicheza na kijana wa kidato cha tatu, apewe uhai zaidi. Mchezaji kiziwi awekewe mota ndogo ya mtetemo, kama ile ya simu, badala ya buza. Anayetumia kiti cha magurudumu apewe muda mrefu zaidi wa kupumzika baada ya kuguswa, na vipokezi vyake vifungwe kwenye kiti. Wachezaji wajadili na kukubaliana kabla ya filimbi. Kujadili sheria, kuziandika na kuzifuata ni somo la uraia ambalo mchezo huu hulifundisha kwa vitendo.

Michezo mitatu kwa vifaa vilevile

Mchezo wa kwanza ni Fisi na Zizi. Duara huchorwa katikati ya uwanja kuwa zizi. Wachezaji watatu ni fisi, watano ni wachungaji. Fisi hujaribu kufika zizini na kuchukua kipande cha mti kinachowakilisha ndama. Anayemulikwa hurudi porini na mkanda wake hulala kwa sekunde 60. Fisi hawana tochi. Silaha yao ni mbio na ujanja wa kushambulia kutoka pande kadhaa kwa pamoja.

Mchezo wa pili ni Vituo. Mikrokontrola nne huwekwa kwenye pembe za uwanja, kila moja ikituma ujumbe wa aina 01 wenye namba yake. Timu hushindana kuvifikia vituo vyote kwa mpangilio uliotajwa na mwamuzi. Hapa hakuna anayemlenga mwenzake, na mkanda hurekodi muda wa kufika.

Mchezo wa tatu hutokana na ule wa pili, na uzito wake ni mkubwa zaidi. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yaliikumba Katesh na vijiji jirani, yakaua watu zaidi ya 80 na kubomoa nyumba nyingi. Wakazi wa maeneo hayo hawahitaji kukumbushwa. Wanachohitaji watoto wao ni kujua kwa miguu, kabla ya mvua nyingine kubwa, njia ya kuondoka.

Vituo vilevile vinaweza kupangwa kwenye njia salama, kutoka shuleni hadi mahali pa kukusanyika. Kengele ikilia, wanafunzi huondoka wakiwa wamevaa mikanda, mmoja kwa kila kundi. Mkanda hurekodi muda kundi lilipopita kila kituo. Mwisho wa zoezi mwalimu husoma kumbukumbu: kundi lipi lilichelewa, na wapi njia ilisongamana. Zoezi la pili hufanywa baada ya kurekebisha, na nyakati hulinganishwa.

Masharti matatu yazingatiwe. Njia na mahali pa kukusanyika vipangwe na kamati ya usimamizi wa maafa ya kata au kijiji, wala si na klabu peke yake. Kanuni kuu ya maporomoko ni kutoka kwenye mkondo kwa kupanda pembeni, mbali na korongo. Kukimbia kuteremka pamoja na mkondo ni hatari. Na ieleweke kwamba kifaa hiki hakitabiri maporomoko: taarifa za mvua hutoka kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Watoto waliopoteza ndugu wasilazimishwe kushiriki, na zoezi lisiitwe mashindano.

Upimaji

Mfumo usiopimwa hauaminiki. Kikundi kiweke alama uwanjani kila baada ya mita 5 hadi mita 40. Kwenye kila alama kitumwe ujumbe mara 20, na kihesabiwe kilichopokelewa. Jaribio lifanywe asubuhi, adhuhuri na jioni, na matokeo yaandikwe kwenye jedwali. Jua likimulika kipokezi moja kwa moja, umbali utapungua. Kifuniko kidogo cha karatasi nyeusi juu ya kipokezi husaidia. Umbali ambao angalau jumbe 18 kati ya 20 hufika ndio utangazwe kuwa umbali wa mchezo.

Betri nazo zikadiriwe. Seti ikitumia wastani wa miliampea 60, betri za miliampea-saa 2,000 zitadumu takriban saa 33. Shule isiyo na umeme wa gridi inaweza kuzichaji kwa sola.

Usalama na utunzaji

Kwa kuwa jicho haliioni infraredi, halifumbi linapomulikwa. Kwa hiyo rezista isipunguzwe chini ya ohm 33 kwa tamaa ya umbali, na mtu yeyote asichungulie ndani ya lenzi ya tochi iliyowashwa. Mchezo usichezwe kando ya barabara, karibu na makorongo wala visima. Kulehemu kufanyike penye hewa, chini ya uangalizi wa mwalimu au fundi, na mikono ioshwe baadaye, kwani risasi ya kulehemu ni sumu. Baada ya mchezo betri zitolewe na vifaa vihifadhiwe mahali pakavu.

Namna ya kuanza

Haifai kuanza na seti ishirini. Kikundi kitengeneze seti mbili, kizipime kwa wiki kadhaa, kirekebishe, ndipo kiongeze. Kila hatua iandikwe katika daftari moja lenye michoro ya waya na nakala ya programu, ili wanafunzi wanaohitimu wasiondoke na elimu hiyo.

Kikundi cha vijana kinachotaka kuukodisha mfumo huu kwa shule na sherehe kinaweza kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Andiko la mradi lioneshe gharama halisi zilizoulizwa kwenye maduka yasiyopungua matatu. Wabunifu wenye kazi iliyokamilika wanaweza pia kuulizia Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, MAKISATU, yaliyoanza mwaka 2019 na yenye nafasi kwa shule, vyuo na wabunifu walio nje ya mfumo rasmi.

Maswali ya kujipima

1. Andika ujumbe wa mguso wa kawaida wa mchezaji namba 6 wa timu namba 3.

2. Lenzi yenye fokasi ya milimita 150 ikiwekwa mbele ya taa ya milimita 5, mwale utakuwa na upana gani kwa mita 30?

3. Kwa nini mkanda hupuuza ujumbe wenye namba ya mvaaji wake?

4. Katika mchezo wa Fisi na Zizi, wachungaji hushinda kila mara. Taja mipangilio miwili inayoweza kubadilishwa ili fisi nao wapate nafasi.

Majibu: (1) 0011011000. (2) Takriban mita moja. (3) Kwa sababu mwanga wake huweza kuakisiwa na ukuta au bati na kumrudia. (4) Kwa mfano, kupunguza sekunde za fisi kulala, na kuongeza muda ambao mchungaji husubiri kati ya mbonyezo mmoja na mwingine. Kikundi kitakachopata jibu jingine kilijaribu uwanjani, kwa kuwa uwanja ndio mwamuzi wa mwisho wa kila sheria.